Mko Wangapi Hapa

...lakini watano si uongo mkubwa, watano ni hawa wanne na mmoja aliyelala Kabeza mguu juu ya mto, mtu kabisa, mwenye jina lake na mwanya wake wa meno ya mbele, si kivuli, alijiambia Raihana, akaisogeza simu yake mbali na kikombe, kwa kuwa meza ya baa hii ya maziwa ilikuwa na mguu mmoja mfupi na kila aliyeiegemea aliiyumbisha, na kwenye kioo cha simu maandishi yalikuwa yale yale, Mko wangapi hapa?, na chini yake kisanduku kitupu cha kuandika namba, na chini zaidi dakika zikirudi nyuma, tisa, nane na sekunde hamsini na kitu, saa sita kamili kisanduku kitajifunga chenyewe, hapa Niboye na kule Kabeza na kule Sonatubes, makundi yote kwa mpigo mmoja, ili asiwepo mtu wa kukaa hapa akahesabiwa kisha akakimbilia kule akahesabiwa tena. "Mama Shami, andika tano tumalize," Kellen, fundi mwenzake, alimwambia, "maziwa inapoa," na yule motari, mwenye pikipiki ya abiria, aliyekaa karibu na mlango akacheka kwa pua, "Ikivuguto, maziwa ya kuganda, itapoa namna gani, dada, hiyo iko baridi toka jana," na mwanamke wa miwani akagonga meza kwa ukucha, "Majina hapana! Hapa hakuna Mama Shami, iko Sindano," na ni kweli, hapa Raihana alikuwa Sindano, ndilo jina alilojipa, na Kellen alijiita Asali, motari ni Radi ingawa sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeongea kanisani, na mwenye miwani ni Mwezi, na hao wawili, wa vyama vingine vinavyotumia daftari moja la kura la simu na mafundi, Raihana hakuwajua, hakutakiwa kuwajua, kura ya bahati ndiyo iliyowaleta kwenye meza moja. Wanne. Na simu tano. Ya tano ilikuwa katikati ya meza, imelala chali, na kile kikamba chake cha uzi mwekundu chenye kifungo cha shati, kifungo ambacho Raihana angekitambua hata gizani, maana kila asubuhi kwa miaka miwili alikiona kikining'inia kwenye mfuko wa aproni ya mukecuru Xavérine, yule bibi mzee.

Kitufe, ndivyo Xavérine alivyojiita kwenye daftari, na sasa siri yake ilikuwa mezani kati ya vikombe, kila mtu ameijua, Kellen alikuwa ameitoa mkobani bila kuificha na kusema, "Huyu ni mukecuru wangu wa jirani, amevunjika nyonga, hawezi kutoka, mimi nimemletea simu yake, yeye si kivuli, huyu dada anamjua vizuri," na akamwonyesha Raihana kwa kidevu, na wageni wawili wakamtazama Raihana, na Raihana akaitikia kwa kichwa, maana anamjua, atasemaje hamjui, ndiye aliyemfundisha kuweka kola, ndiye aliyemshika mkono wa kulia akiupeleka polepole chini ya mguu wa cherehani bila kupaza sauti hata siku moja, hata siku ile alipoharibu suti ya bwana harusi, alisema tu, tutafumua mwana wanjye, uzi unafumuka, na wakakaa wote wawili wakifumua mpaka mchana... akaitikia kwa kichwa, na kumbe kuitikia kwa kichwa ni kama kuandika. Mwezi alivuta miwani, "Basi mimi sina shida, kama huyu anamjua, mimi tano," na Kellen, "Ona, mtu amesoma anaelewa haraka," na motari akaigeuza helmeti yake mapajani kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka. Tano. Namba rahisi kuandika, kidole kimoja, na Raihana alijua vizuri ni nini kilikuwa nyuma ya namba hiyo, kesho Jumapili ni kura ya chumba cha watoto.

Chumba chenyewe si kitu, ni kile cha nyuma ya karakana, mikeka mitatu na dirisha moja, watoto kumi na mmoja na mukecuru wa zamu, lakini baadhi ya mafundi wanataka kiwe ghala la vitambaa, na wana sababu, mvua ya Aprili ililowesha majora, si watu wabaya, na kesho wengi wakisema ghala ni ghala, na Shami atarudi chini ya meza ya cherehani, na Raihana bila kujua akapeleka mkono mgongoni akakitafuta kiganja cha mtoto aliyembeba, akakipata, akaligusa lile kovu dogo laini kama nta, pale pasi ya mkaa ilipomgusa akitambaa chini ya meza, kabla chumba hakijapatikana, yeye akiwa amegeuka kwa kushona kiuno cha sketi tu, mshono mmoja, na kilio kile hajawahi kukisimulia mtu, hata Ilyasi, baba wa mtoto, alimwambia nusu... na Kellen naye ana mtoto mle chumbani, wa miezi saba, kwa hiyo Kellen haombi tano kwa ubaya, anaiomba kwa sababu ile ile iliyomfanya Raihana aitikie, na Kellen ndiye aliyembeba, jamani, si kwa maneno, alimbeba mikononi chupa ya uzazi ilipompasukia kwenye ngazi za Sonatubes, Kellen mwembamba hivi, akamshusha ngazi kumi na nne huku akiimba wimbo wa shule ya Uganda ili asimsikie akilia, utamwandikiaje nne mtu aliyekubeba. Saba na sekunde ishirini. Mwenye baa, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, alipita na jagi, "Nani anaongeza?" akatazama simu tano mezani na watu wanne, akamtazama Shami, akasema, "Huyu mdogo naye anapiga kura?" akacheka peke yake, akarudi kwenye tangi lake la chuma, na huyu mama hakujua amemkumbusha Raihana nini.

Maana mara ya kwanza walipofanya hivi, siku arobaini zilizopita, simu iliuliza Mko wangapi hapa, na yeye akahesabu, yule pale, na yule, na yule, na mimi, na Shami, akaandika tano, wenzake wakaandika nne, kwa kuwa wao walijua kwamba mtoto wa mgongoni hayumo kwenye daftari, na simu ikamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba hesabu yake hailingani na ya wenzake, alama yake imefutwa, hana kura mpaka duru nyingine, na siku iliyofuata ndiyo ilikuwa kura ya dirisha la pili la chumba cha watoto, wakashindwa kwa kura moja, moja tu, chumba kikabaki na dirisha moja na joto lake, na watu wakaulizana nani hakupiga, na hakuna aliyejua, siri ni siri, mpaka yeye mwenyewe aliposhindwa kula akaenda kusema, mimi ndiye, nilimhesabu mtoto, na wakacheka mpaka machozi, wiki nzima wakimwita Mama Watano, ukipita kwenye mashine zao, Mama Watano, leo tuko wangapi?, na yeye akicheka nao halafu akienda chooni kulia, darasa la sita tu, ndiyo, lakini kuhesabu mpaka tano anajua, na ni Xavérine aliyemfuata huko chooni, akagonga bati, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuokota kwa Wakongo, "Toka humo, harufu iko mbaya. Wewe hukudanganya mtu. Ulimuhesabia ule ulimuona. Iko kosa, lakini iko kosa ya muzuri." Ulimhesabu uliyemwona... na leo namba ile ile, tano, imerudi, na safari hii wenzake ndio wanaoitaka, na akiandika nne peke yake atakuwa tena wa hesabu isiyolingana, atafutwa tena, kesho chumba kikianguka kwa kura moja itakuwa yake kwa mara ya pili, na mara hii hakuna atakayecheka.

"Sita na nusu," Mwezi alisema. "Kuna mtu bado anafikiri?" Hakusema nani. Kellen akamgusa Raihana goti chini ya meza, taratibu, kama unavyomgusa mtoto usimwamshe, "Sha, wewe si ulikuwepo? Si unakumbuka yale mambo ya vivuli? Hii si hiyo," na Raihana alikumbuka, nani asiyekumbuka, mafundi mia moja na kumi na tatu bila mwenyekiti, mwanzoni walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na Mukandayisenga akanyoosha mkono kumpinga mwenye jengo, na Jumatatu yake akakuta cherehani yake imehamishiwa kando ya choo, hakuna aliyesema kwa nini, wote walijua, ndipo Benon, yule kijana wa kurekebisha simu, akawaletea hiyo blokcheni, akawaeleza akishika vipande vya kitambaa vilivyoshonwa kimoja kwa kingine, daftari ambalo kila mmoja anayo nakala yake, ukichana mshono mmoja wote wanaona, na jina unajipa mwenyewe, hakuna wa kukuhamishia chooni, wakafurahi, wakapumua, halafu vikazaliwa vivuli, mtu mmoja akajipa majina kumi na tisa kwa laini kumi na tisa, akawa mafundi kumi na tisa, na baada ya kura moja wakaamka asubuhi wakakuta chumba cha pasi kimefungwa na wengi wameamua hivyo, wengi gani, hakuna aliyemjua hata mmoja, mpaka leo hajulikani ni nani, labda anakunywa nao chai. Ndiyo maana ya leo. Daftari halitaki kujua wewe ni nani, Benon alisema, linataka kujua kitu kimoja, kwamba upo, na upo mmoja, na hilo mashine haiwezi kuliona, inabidi mtu akutazame usoni. Hii si hiyo, Kellen anasema, na ni kweli, si hiyo, Xavérine ni mmoja, yupo, kura yake ni haki yake, tena angekipigia chumba, yeye ndiye mukecuru wa kwanza wa zamu, angekipigia... angekipigia, na kesho nani ataibonyeza?

Hilo hakuwa ameliwaza. Liliingia kama mtu asiyebisha hodi. Simu ikipata alama leo, kesho simu ndiyo itakayopiga kura, na simu iko na Kellen. Tangu lini? Aliinua macho akamtazama Kellen, na Kellen akatabasamu, jino la pembeni lililokatika, tabasamu lile lile la kwenye ngazi, na Raihana akayarudisha macho kwenye kifungo, na akamsikia Xavérine, si sauti ya chooni, sauti ya Alhamisi, alipompelekea uji Kabeza, chumba kinanuka dawa ya kuchua na mkaa, mukecuru amelala mguu juu ya mto, anapapasa chini ya shuka, "Simu yangu iko wapi? Kellen alibeba Jumatatu anaenda kuitia moto ya umeme, haijarudia," na Raihana akasema labda umeme unakatika kwao, kunywa uji, na Xavérine akanywa vijiko vitatu, akasema, "Ile Posho, ile Jumamosi yenu, mutanikuta nimevaa. Nimesema Kellen aninunulie kitambaa mupya ya kichwa," na Raihana akadhani ni homa, Jumamosi gani, mavazi gani, mtu hawezi hata kukaa, akamfuta mdomo, akasema yego mukecuru, yego, ndiyo tu, kama unavyomwitikia mtoto... nne na sekunde hamsini, Shami alikohoa mgongoni, na motari aliisogeza helmeti yake kutoka pembeni mwa meza, pale mguu wa mtoto ulipokuwa ukiigonga, akaweka badala yake jaketi lake lililokunjwa, mguu sasa unagonga kitu laini, na hakungoja asante, akatazama nje barabarani. Mtu wa namna hii ni mmoja, Raihana aliwaza, huyu ningemhesabu hata nikiwa usingizini, na katikati ya wazo hilo dogo akaelewa.

Karatasi. Karatasi ya Benon ya masharti, ukurasa mmoja pande mbili, wenzake waliikunja wakatia mfukoni, wao wamesoma sekondari, wataisoma siku yoyote, yeye aliisoma neno kwa neno kwa siku mbili, kidole chini ya mstari, tena aliisoma kwa sauti, kwa sababu macho ya Xavérine hayasomi tena, aliketi ukingoni mwa kitanda kile siku ya pili baada ya kuanguka, akamsomea, na sharti la saba lilisema, Mgonjwa asiyeweza kutoka ataomba kwa simu yake siku tatu kabla, na kundi litakutana alipo. Litakutana alipo. Na Xavérine alisema nini? Alisema, "Basi mutanijia." Alisema hivyo na akalala. Si homa. Si uzee. Alikuwa akingoja wageni wa daftari, wanne wasiomjua waje wakae kando ya kitanda wamtazame usoni waseme huyu yupo, huyu ni mmoja, na ombi lenyewe lilitakiwa litoke kwenye simu yake kabla ya Jumatano, na simu ilikuwa ikichajiwa kwa Kellen, na Kellen hakujua, Kellen hajasoma sharti la saba, na aliyelisoma ni nani? Ni wewe, Raihana. Ulilisoma ukanyamaza. Ulidhani wenye shule wanajua, ulidhani si kazi yako kusema, ulimpa mukecuru uji ukamwitikia yego yego, na sasa unaona aibu kwa Kellen kumletea simu mkobani, lakini Kellen angalau alikumbuka kuleta kitu. "Tatu," Mwezi alisema, "mimi nimeshaandika yangu, tano, ili mjue," na Kellen, "Na mimi. Radi?" na motari, "Mimi nitaandika dakika ya mwisho, dada, hata abiria namshusha mlangoni," na Kellen akamgeukia Raihana, sauti sasa imekonda, "Mama Shami. Usinifanyie hivyo. Chumba."

Chumba, ndiyo, chumba, mikeka na dirisha, na kovu la Shami, na mimi ndiye nitakayemrudisha chini ya meza kwa mkono wangu mwenyewe, aliwaza, maana wawili wameandika tano, motari akiwafuata ni tatu kwa moja, nitafutwa, na hata asipowafuata ni wawili kwa wawili, na Benon alisema kundi likigawanyika katikati linapotea lote, wote wanne, kura nne, Kellen hatanisemesha mwaka mzima, na chumba kitakuwa ghala, yote haya kwa sababu mimi, wa darasa la sita, Mama Watano, safari ile nilizidisha na safari hii nakataa kuzidisha... lakini alitazama meza, alitazama kweli, kama wanavyotakiwa kutazama, Mwezi ana mba kwenye fremu ya miwani na macho yaliyochoka ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani, motari ana pete ya ndoa iliyobana, Kellen ana jasho juu ya mdomo, Kellen anaogopa, maskini, na mimi hapa, na pale katikati kuna kioo cheusi. Hapumui. Hana mwanya wa meno. Tumemleta hapa bila kundi kumwendea, wiki nzima tunaitaka kura yake na hakuna aliyemfunga hata kitambaa, na tukiandika tano leo hatakuwa na sababu ya kutembelewa tena, alama itakuwepo, simu itakuwepo, itapiga kura mwaka huu na mwaka kesho, yeye akiwa amelala pale akipapasa shuka, hata akifa itapiga. Basi hivyo ndivyo kivuli kinavyozaliwa, si lazima laini kumi na tisa, inatosha watu wanne wenye huruma.

Dakika moja na sekunde arobaini. Akakipangusa kidole kwenye kitenge, akaweka nne. Akaitazama. Ilikuwa nne ya kawaida. Akabonyeza, na simu ikamjibu bila hasira yoyote, Subiri wengine, na mezani hakuna kilichobadilika, meza iliyumba, tangi la maziwa liliguna, mama wa kitambaa cha njano alikuwa akisuuza vikombe, na Kellen akasema polepole, "Umeandika ngapi?" na Raihana akasema, "Kellen, ulimnunulia kile kitambaa cha kichwa?" na Kellen akafuta jasho juu ya mdomo. "Kitambaa gani," akasema, lakini si kwa kuuliza. Motari aliwatazama, huyu, kisha huyu, akaiinua simu yake karibu na kifua kama mtu anayekinga kiberiti na upepo, na kidole chake gumba kikasimama juu ya kioo, na ile ya tano katikati ya meza, ambayo Raihana hakuwa ameitia kwenye hesabu yake, ikawaka yenyewe, na maandishi yakajitokeza chini ya kifungo, Mko wangapi hapa?, ikimwuliza mwenyewe, na mkono wa Kellen ukaenda nusu ya njia ukabaki hewani. Nikitoka hapa napita kwa Wakongo wa vitenge, Raihana aliwaza, chenye maua makubwa, anapenda maua makubwa, nitamfunga mwenyewe, na nitamwambia kwamba nilijua na nikanyamaza, na sharti la saba nitalisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote hata wakicheka, na siku arobaini zikipita tutakaa pale kandokando ya kitanda hata kama ni mimi na mtoto tu... pumzi ya Shami ilikuwa shingoni mwake, moja, na moja, na moja, sekunde hamsini, na kule Kabeza, mguu juu ya mto, kulikuwa na mtu mmoja aliyeamka mapema kuliko wote, aliyekuwa akiutazama mlango.